Siku ya Kuvunja kwa Bibi Chaki

Mama Kijiko hakuwahi kulia juu ya mashine mpaka asubuhi ile alipotumwa kuivunja nyumba ya dada yake mwenyewe.

Mtaa mzima ulimwita Mama Kijiko kwa sababu aliendesha katapila la manispaa, lile lenye mkono mrefu na kijiko cha meno mbele, linalochimba mitaro na kubomoa kuta. Mwanzoni wanaume walimcheka. "Mwanamke na chuma kile, wapi na wapi?" Baadaye kicheko kiliisha, wakaanza kumpitia jioni kumbembeleza awachimbie mashimo ya vyoo. Alikuwa na mkono mwepesi. Angeweza kuokota ndoo kwa kile kijiko na asiitie hata mkunjo.

Kazi ya siku ile ilikuwa bondeni, mahali ambapo watu walikuwa wamejenga juu ya mfereji mkuu wa maji ya mvua. Mwaka uliotangulia maji yalikosa njia, yakapita vyumbani. Familia nzima ya muuza mkaa ilikutwa chini ya tope, watoto wameshikana mikono. Baada ya mazishi watu walimzingira Meya ofisini kwake, wanapiga kelele kwamba wamechoka kuzika. Meya alikuwa mtu mwembamba, mchache wa maneno. Alisimama kwenye ngazi, akasubiri watulie, akasema, "Maji hayana njia kwa sababu tumejenga juu ya njia yake. Nitaifungua." Wakampigia makofi mpaka viganja vikawaka moto. Kila mmoja alipiga makofi akiifikiria nyumba ya jirani.

Halafu zikaja alama nyekundu, msalaba uliolala kwenye kila ukuta unaotakiwa kuondoka. Makofi yakaisha siku hiyo hiyo.

Dada yake Mama Kijiko alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye watoto wawili wadogo. Nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa katikati kabisa ya mfereji. Alipewa kiwanja mlimani kama wenzake, lakini kiwanja si nyumba, na nyasi hazizuii baridi. Asubuhi ile alikuwa ameshatoa vitu vyake nje. Alikaa juu ya godoro lililokunjwa, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akamtazama mdogo wake aliyekaa juu ya mashine.

"Anza basi," alisema. "Unangoja nini, nikupigie vigelegele?"

"Dada, hata ningekataa, wangeleta mtu mwingine."

"Wangeleta. Na angekuwa mtu mwingine."

Mama Kijiko aliwasha injini. Alivuta mkono wa mashine na ukuta wa mbele ukaporomoka. Ndani ukatokea ule ukuta wa bluu walioupaka rangi wao wawili, siku dada alipohamia, wakicheka na kuchafuana pua. Machozi yalimtoka akiwa bado ameshika usukani. Aliyafuta kwa bega, akaendelea.

Alipomaliza, dada yake alinyanyuka. "Nenda, nenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa mtaa," alisema kwa sauti ili majirani wasikie. "Ukifika kwa mama yake Meya, tutaona kama hicho kijiko chako hakitaugua ghafla."

Watu walicheka kicheko kikavu. "Mkuki kwa nguruwe," mmoja akasema, na wengine wakamalizia, "kwa binadamu mchungu!" Tangu hapo umati ukawa unaifuata mashine nyumba hadi nyumba, kama wasindikizaji wa harusi isiyo na bibi harusi. Hakuna aliyekuwa na shaka. Nyumba ya mama wa mkubwa itarukwa. Wengine waliapa kuwa mfereji utapindishwa pale kama mkia wa mbwa.

Mama Kijiko naye aliamini hivyo. Tena alijiwekea nadhiri moyoni: wakiniambia niiruke ile, nazima mashine, nashuka, namtupia msimamizi funguo kwenye helmeti yake. Na ukweli ni kwamba alitamani sana waiache. Angepata mtu wa kumkasirikia zaidi ya yeye mwenyewe.

Mama yake Meya aliitwa Bibi Chaki na wakubwa kwa wadogo. Kabla bonde halijapata shule, yeye ndiye aliyewakusanya watoto kwenye chumba chake cha mbele akawafundisha kusoma, bila kudai chochote ila mikono iliyooshwa. Mama Kijiko alijifunza kuandika jina lake mle ndani, na dada yake pia. Nusu ya waliokuwa wanaifuata mashine mchana ule walishawahi kuvutwa masikio na yule bibi.

Walifika kwake jua likiwa utosini. Mashine ilikata kona, na Mama Kijiko akauona ukuta wa mbele.

Alama ilikuwepo. Nyekundu, imepinda, rangi imechuruzika mpaka chini.

Umati uliokuwa unazomea ulikatika sauti kama redio iliyoishiwa betri. Mtu mmoja aliyekuwa amenyanyua mkono kuonyesha kidole aliusahau hewani. Mama Kijiko alimwita msimamizi wa kazi, mzee mmoja ambaye watu walimwita Bwana Helmeti kwa sababu hawakuwahi kuona kichwa chake.

"Hii imekosewa," Mama Kijiko alisema. "Kuna mhuni kapaka usiku."

Bwana Helmeti alitikisa kichwa. "Kijana wetu wa rangi aligoma kuipaka hii. Akasema hataki laana. Basi jana usiku akaja mwenyewe, akachukua brashi."

"Mwenyewe nani?"

"Meya. Kwa mkono wake. Na maagizo ni kwamba hakuna kuruka."

Kabla Mama Kijiko hajasema neno, mlango ukafunguka, Bibi Chaki akatoka, jicho moja limefunikwa pamba nyeupe. Alikuwa amelazwa hospitali kutibiwa jicho tangu kabla ya alama kupakwa mtaani, na alirudi asubuhi ile ile kwa gari la jirani. Alimwangalia mwanamke aliye juu ya mashine, akatabasamu.

"Ni wewe, mwanangu? Afadhali umekuja. Angalia watoto walivyoniharibia ukuta. Huna hata dumu la maji hapo, unisaidie kufuta?"

Hajui. Mungu wangu, bibi wa watu hajui. Mama Kijiko alizima injini. Funguo zilimponyoka zikaanguka kwenye matope. Alishuka, akasimama mbele ya bibi. Ni dada yake aliyesogea, yule yule aliyekuwa anatukana tangu asubuhi.

"Bibi," dada alisema, "si watoto. Nyumba yako nayo ni ya kuvunjwa."

Bibi Chaki alicheka kidogo, akisubiri wengine wacheke. Hawakucheka. Aligeuka akautazama tena ukuta wake kwa lile jicho moja, safari hii kwa muda mrefu, halafu akarudi ndani taratibu akakaa kwenye kiti chake, mlango wazi.

Hapo likatokea jambo ambalo Mama Kijiko hakulitegemea hata kidogo. Dada yake alikwenda akasimama mbele ya mlango wa bibi, akatanua mikono. Akafuata kinyozi, ambaye nyumba yake ilikuwa imelala chini tangu saa za asubuhi. Akafuata mama muuza ndizi na mumewe. Watu waliokuwa wamekuja kuona kama haki itatendeka walikuwa sasa wamejipanga bega kwa bega kuizuia.

"Bibi Chaki havunjiwi!" walipiga kelele. "Haguswi!"

Meya alikuja kwa miguu, peke yake, viatu vimejaa vumbi. Bila shaka alikuwa jirani pale pale muda wote. Alipita katikati ya watu akamfuata Mama Kijiko.

"Mbona mashine imezimwa?"

"Siwezi, Mheshimiwa. Nifukuze kazi. Huyu ni mama yako, tena ni mama wa kila mtu hapa."

Meya hakupandisha sauti. "Tangu asubuhi umevunja nyumba za nani?"

"Za watu."

"Na hao hawakuwa mama wa mtu?"

Mama Kijiko aligeuza uso, macho yake yakakutana na ya dada yake pale mlangoni. Alikuwa amevunja chumba walichokipaka rangi pamoja, akafuta machozi kwa bega na kuendelea. Lakini kwa mama wa mkubwa ndipo alipokumbuka kuwa na huruma.

"Iache, Meya!" kinyozi alipaza sauti. "Hii moja tumekusamehe, wallahi!"

"Hamwezi kunisamehe kwa niaba ya maji," Meya alijibu. "Yakikuta ukuta huu yatasimama hapa, yatarudi nyuma, yatawapata wote mliobaki juu kule. Na nikiuacha, kesho kila mtu ataniletea mama yake, na atakuwa na haki."

Hapo Bibi Chaki alitokea tena mlangoni. Waliokuwa wanamkinga walimpisha bila kuambiwa.

"Rangi hii umepaka wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Nikiwa hospitali."

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Tangu tulipopima mfereji."

"Mwaka mzima," bibi alisema polepole. "Kila Jumapili umekuja hapa. Umekaa kiti kile, umekula chakula changu, umenisifia mkono wangu. Na ukanyamaza." Alinyosha kidole kwenye mashine. "Ujasiri wa kuvunja unao. Wa kukaa na mimi ukaniambia, huo huna."

Mama Kijiko alikuwa amemwona Meya akisimama mbele ya umati wenye mawe mkononi na asipepese jicho. Sasa kichwa kilimwinamia kama mtoto aliyeshindwa hesabu ubaoni.

"Nilikuogopa, mama," alisema. Kila mtu alisikia.

Bibi aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo na dawa za jicho. Meya alimnyoshea mkono amsaidie kushuka ngazi. Bibi alipita kando yake kama mtu anayepita kando ya nguzo, akashika mkono wa fundi cherehani. Alipofika kwa Mama Kijiko alisimama.

"Panda juu, mwanangu. Kazi ni kazi. Ila anza na paa, zile bati bado nzima, zitamfaa mtu."

Kinyozi na wengine walitoa vyombo, kitanda na ubao mweusi wa zamani, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Mama Kijiko alitafuta funguo kwenye matope, akapanda. Alizitoa bati moja moja kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Halafu akavunja. Meya alisimama pale pale mpaka ukuta wa mwisho, hakukohoa wala hakujifuta, na alipoondoka hakuna aliyempa mkono.

Maneno yaliyofuata yalitosha kujaza bonde. Kwenye vinyozi, kwenye vituo vya mafuta, kwenye foleni za maji, ilikuwa ni ile nyumba tu. Wachache walisema huyo ndiye kiongozi, kaanza na mwiba wa mguuni pake. Wengi walimtemea mate. Shujaa gani anamtoa mama yake nje, mgonjwa wa jicho? Kama kamfanyia hivi aliyemzaa, sisi atatuacha? Uchaguzi ulipofika alijitokeza mgombea mnene mwenye kicheko kizuri, aliyeahidi kuwarudisha watu wote bondeni kwenye viwanja vyao. Dada yake Mama Kijiko alikuwa wa kwanza kwenye mstari wa kupiga kura. Meya alianguka vibaya.

Dada alijenga kibanda chake mlimani, kwa mabati yale yale ya Bibi Chaki. Mdogo wake alipokuja kusalimia, alifungiwa mlango. Miezi ilipita hivyo, undugu umekuwa wa kupungiana mikono kwa mbali.

Mvua ilikuja mapema, kabla Meya mpya hajamrudisha mtu yeyote. Ilianza asubuhi na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Mchana Mama Kijiko alitumwa na ofisi kwenda kuangalia mfereji. Akiwa amesimama ukingoni, amejifunika karatasi ya nailoni, alisikia mngurumo kama wa malori mengi yanashuka mlima kwa pamoja. Halafu akaona maji.

Hayakuja kama maji. Yalikuja kama ukuta wa kahawia, yamebeba magogo, milango, na mbuzi mmoja aliyekwisha kufa. Yalipita pale ilipokuwa nyumba ya kinyozi, yakang'oa msingi uliobaki kama mtu anayeng'oa jino bovu. Yalipita kwa Bibi Chaki bila kusimama. Yalijaza mfereji mpaka mdomoni, yakayumba, yakabaki humo humo, yakaenda zake. Mama Kijiko alikuwa amekipanua kila kipande cha mfereji ule kwa mikono yake, na bado hakuweza kuyaamini macho yake.

Mtu alisimama pembeni yake. Alikuwa dada, hana mwavuli, nguo zimemganda mwilini. Hawakusalimiana. Dada alikuwa anatazama mahali pamoja tu, pale ambapo gogo nene kama tairi la lori lilikuwa linazunguka juu ya mahali palipokuwa chumba chake.

"Saa hizi," dada alisema.

"Umesemaje?"

"Saa hizi, kila siku. Nikishawalisha watoto, nilikuwa nawalaza mle chumbani. Mimi nakwenda kununua nyuzi, naufunga mlango kwa nje wasitoke barabarani." Aligeuka, uso umekuwa kama wa mtu asiyejua yuko wapi. "Kwa nje, mdogo wangu. Nilikuwa naufunga kwa nje."

Dada akakaa kwenye tope. Mama Kijiko naye akakaa. Walishikana, na kucha za dada zilimwingia mkononi mpaka damu ikatoka, asisikie maumivu.

Jua lilipotoka, dada alisema lazima wakamwone yule Meya waliyemwangusha. Walimkuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yake, nyuma ya meza, anampimia mteja bomba la plastiki, msumeno mkononi. Alikuwa amekonda zaidi. Aliwakaribisha kwenye viti vya plastiki, akawauliza habari za watoto. Dada alianza kusema, akakwama, akaanza tena.

"Nilikutukana, Mheshimiwa. Nilikuombea mabaya."

"Nilisikia," alisema, akicheka kidogo. "Una sauti nzuri."

"Nimekuja kukushukuru. Wewe ni shujaa. Na mtaa mzima sasa utasema hivyo."

Mtu yule aliweka chini msumeno. "Nikuulize, dada yangu. Kama mvua isingenyesha mwaka huu, ungekuja?"

Dada alifungua mdomo aseme ndiyo. Akautazama uso wake, akashindwa.

"Nisingekuja."

"Basi tusidanganyane. Mimi ni yule yule, mvua ndiyo iliyobadilika."

Mama Kijiko aliuliza habari za Bibi Chaki.

"Hajambo, yuko kwa dada yangu. Jicho limepona." Alipangusa meza isiyo na vumbi. "Nikienda hunipa kiti, hunipa chai. Neno hanipi."

"Hata baada ya maji yale?" Mama Kijiko alishtuka. "Lakini sasa ameona ulikuwa na haki!"

"Alijua nina haki tangu siku ile, pale mlangoni. Hakunikasirikia nyumba. Mvua haiwezi kunisaidia kwa lile jingine."

Nje kulisikika kipaza sauti. Gari la manispaa lilikuwa linapita polepole, limebandikwa picha ya yule mtu mnene mwenye kicheko kizuri, na sauti inanguruma mpaka misumari dukani inalia: "Wananchi, mfereji umefanya kazi! Meya wenu amewaokoa na mafuriko! Jitokezeni uwanjani tumpongeze shujaa wetu, Meya wa vitendo!"

Dada aliinuka wima, mkono mdomoni. Alimtazama Mama Kijiko, akatazama barabarani, akamtazama tena mtu wa nyuma ya meza. "Lakini huyu... huyu aliahidi kuturudisha mle! Mle ndani ya maji! Kwa nini husemi kitu? Toka nje useme!"

Watoto walikuwa wanalikimbilia gari, wanapiga vigelegele. Mama muuza ndizi, aliyesimama mlangoni pa Bibi Chaki siku ile, alikuwa ng'ambo ya barabara anapunga kanga.

Meya wa zamani aliokota msumeno wake, akamgeukia mteja aliyekuwa bado anasubiri.

"Samahani, mzee," alisema. "Ulisema nikate wapi?"